Mwanao ni mgeni sekondari? Namna ya kumchagulia klabu na michezo itakayompa marafiki

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu, ngazi mpya ya masomo inayoanzia gredi ya 10 hadi ya 12. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, wengi wao walikuwa wamesoma tangu chekechea na binamu zao na watoto wa mtaa mmoja. Hawakuwahi kulazimika kutafuta rafiki, kwa sababu waliwakuta wakiwa tayari wapo. Sasa, bwenini, mtoto wa Balambala analala kitanda cha juu, mtoto wa Hulugho analala cha chini, na wa kitanda cha jirani ametoka Kitui au Tana River. Hakuna anayemjua mwenzake.

Mzazi husikia habari ya upweke huo siku ya kutembelea watoto, au kwenye simu ya mwalimu. Mtoto anasema chakula si kibaya na masomo yanaendelea, lakini anakula peke yake na kurudi bwenini peke yake. Makala haya yanakueleza, mzazi mwenzangu, jinsi ya kumsaidia kwa njia iliyo karibu na isiyo na gharama kubwa: kumchagulia shughuli za nje ya darasa zinazomfaa. Nitaeleza zipi zinapatikana, zinafanyika lini, zinagharimu nini, na ufanye nini shule ikiwa haina hata moja.

Kwa nini klabu? Si anakaa na wenzake darasani kutwa?

Anakaa nao, lakini darasani wote wanamtazama mwalimu. Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichapisha utafiti kuhusu muda unaohitajika ili urafiki ukue. Aliwachunguza watu wazima waliohamia miji mipya na wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni. Aligundua kwamba watu wawili huhitaji takriban saa 50 za kuwa pamoja ili watoke kwenye kujuana tu na kuwa marafiki wa kawaida, saa 90 hivi kuwa marafiki, na zaidi ya saa 200 kuwa marafiki wa karibu. Saa zinazojenga zaidi ni zile za kucheza, kula na kuzungumza, kuliko zile za kufanya kazi upande kwa upande.

Wanafunzi wa Garissa si Wamarekani, lakini hesabu hiyo inatusaidia kuchagua. Muhula wa kwanza una wiki 13 hivi. Klabu inayokutana saa moja kwa wiki itampa mwanao saa 13 tu. Timu inayofanya mazoezi jioni nne kwa wiki, saa moja kila jioni, itampa saa 52 na watu wale wale. Kwa hiyo swali la kwanza unapochagua si "klabu gani ina sifa kubwa?" bali "mwanangu atakuwa na watu hao hao mara ngapi kwa wiki?"

Swali la pili ni kama atapewa kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtoto aliyekabidhiwa jukumu, hata dogo la kubeba mipira au kuandika majina ya waliohudhuria, huacha kuwa mgeni. Wenzake watamtafuta kwa sababu wanamhitaji, naye atakuwa na sababu ya kuzungumza nao bila kulazimika kubuni maneno.

Muda wa shughuli hizi unatoka wapi?

Vipindi vya shule humalizika saa tisa na nusu au saa kumi jioni. Kati ya swala ya alasiri na magharibi kuna takriban saa mbili, jua likiwa limepoa kidogo. Huo ndio muda wa gemu, kama wanafunzi wanavyouita. Klabu nazo kwa kawaida hutengewa siku moja ya juma, na shule nyingi za bweni huongeza Jumamosi.

Kwa mwanafunzi wa kutwa, hasa mjini Garissa, saa hizo mbili ndizo pia za duksi, yaani chuo cha Kurani. Usimwache mtoto akakimbizana na ratiba mbili hadi akashindwa zote. Nenda ukaongee na maalimu wa duksi mwanzoni mwa muhula. Mweleze kwamba jioni mbili mtoto atabaki shuleni, na mpange afidie wikendi au asubuhi mapema. Kisha andikeni ratiba ya juma zima kwenye karatasi na kuibandika ukutani nyumbani.

Nitajuaje shule ina klabu zipi?

Usitegemee orodha iliyo kwenye ubao wa ofisi. Kanda hii imekuwa na uhaba wa walimu kwa miaka mingi, na mwalimu mmoja anaweza kuandikwa kuwa mlezi wa klabu tatu. Mlezi ni mwalimu anayeisimamia klabu. Baadhi ya klabu hubaki majina tu. Muulize mwalimu wa darasa maswali manne: klabu hii hukutana siku gani? Mlezi wake ni nani? Mara ya mwisho ilikutana lini? Ina wanachama wangapi wa gredi ya mwanangu? Ukijibiwa yote bila kusitasita, klabu iko hai. Ukiambiwa "itaanza tu hivi karibuni", tafuta nyingine.

Usiifuate klabu kwa sababu ni kubwa. Katika klabu ya watu 15, kila mmoja anajulikana kwa jina wiki ya pili. Katika klabu ya watu 120, mtoto mpole anaweza kukaa mwaka mzima kwenye kiti cha nyuma.

Mtoto wangu anapenda kukimbia na kucheza. Aanzie wapi?

Aanzie kwenye timu, kwa sababu ndizo zenye saa nyingi. Michezo ya shule za sekondari Kenya huendeshwa na chama cha michezo cha shule hizo, na hupangwa kwa mihula. Mpira wa vikapu, mpira wa mikono na hoki huchezwa muhula wa kwanza. Soka, voliboli na netiboli huchezwa muhula wa pili. Timu huanzia kaunti ndogo, hupanda hadi kaunti, kanda ya Kaskazini Mashariki, kisha taifa. Muhula wa tatu huwa mfupi na wa mitihani, kwa hiyo mashindano hupungua.

Mwambie mwanao mambo mawili. La kwanza: asisubiri siku ya kuteua kikosi. Aende mazoezini kuanzia wiki ya kwanza, hata kama hana hakika ya kuchaguliwa, kwa sababu urafiki unajengwa mazoezini kuliko siku ya mechi. La pili: asipochaguliwa, asiondoke. Timu inahitaji mtunza vifaa, mwandishi wa matokeo na mwamuzi wa mazoezi. Na kama soka imejaa wachezaji, ajaribu mpira wa mikono au voliboli. Michezo hiyo huwa na wachezaji wachache wazoefu miongoni mwa wageni, kwa hiyo wengi huanza pamoja wakiwa sawa.

Na kama hapendi michezo?

Zipo shughuli nyingi, na kila moja ina mtoto inayemfaa.

Anayependa maneno, nyimbo na maigizo apelekwe drama au muziki. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na lile la drama mwaka 1959. Yote mawili huanzia mashinani na kupanda hadi taifa. Hapa watoto wa kanda hii wana mtaji. Msichana aliyekua akisikia mama zake wakitunga buraanbur, yaani mashairi ya wanawake arusini, hakosi sikio la mapigo na vina. Kwaya na igizo huhitaji mazoezi karibu kila siku kabla ya mashindano, na kila mtu ana sehemu ambayo ikikosekana kazi nzima inakwama. Kwa mtoto anayeona haya, igizo lina faida nyingine: anaanza kwa kusema maneno ambayo tayari yameandikwa.

Anayependa kubishana na kufuatilia habari, klabu ya mdahalo au ya uandishi itamfaa. Mdahalo humfundisha kusimama mbele ya watu. Uandishi humpa ruhusa ya kumwendea mtu yeyote shuleni na kumuuliza swali, jambo ambalo mgeni huliogopa sana.

Anayependa kusaidia watu ajiunge na Skauti, Girl Guides au klabu ya Msalaba Mwekundu. Skauti iliingia Kenya mwaka 1910. Hufanya kazi katika vikundi vidogo vinavyoitwa doria, vya watoto sita hadi wanane hivi, ambao hupika, hupiga kambi na kushindana pamoja. Ukubwa huo ni mzuri mno kwa mgeni. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya liliundwa kisheria mwaka 1965, na kazi yake watu wa Garissa wanaijua. Mafuriko ya Mto Tana ya Novemba 2023, na tena ya Aprili 2024, yalipokata barabara ya kuingia mjini, wengi waliwaona wafanyakazi wake na watu wake wa kujitolea. Katika klabu ya shule mwanao atajifunza huduma ya kwanza: kufunga jeraha, kumsaidia aliyezirai kwa joto, kumbeba aliyevunjika. Huwezi kufanya mazoezi hayo peke yako, lazima mwenzako awe mgonjwa nawe uwe mhudumu.

Anayependa wanyama na mashamba naye hakosi. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa mwaka 1968, na Garissa ina mambo ya kujifunza ambayo hayapatikani Nairobi. Swala aina ya hirola, mmoja wa wanyama walio katika hatari kubwa ya kutoweka duniani, anaishi upande huu, na kule Ijara kuna hifadhi ya jamii ya Ishaqbini inayomlinda. Karibu na mji wa Garissa kuna eneo la Bour-Algi ambako twiga huishi jirani na watu. Klabu ya kilimo nayo inaweza kupanda miembe, tikiti maji au sukumawiki kama wafanyavyo wakulima wa kando ya Tana. Shamba linahitaji kumwagiliwa kila siku, na zamu ya wanafunzi wawili wawili kumwagilia maji ni dakika 30 za mazungumzo kila jioni.

Anayependa kutengeneza vitu aingie klabu ya sayansi. Maonyesho ya sayansi na uhandisi ya shule za Kenya hutaka miradi inayotatua tatizo la watu, na wanafunzi hufanya kazi wawili kwa kila mradi. Kwa mtoto asiyependa kundi kubwa, kuanza na rafiki mmoja ni mwanzo bora kabisa. Tatizo la maji, jua kali au chakula cha mifugo wakati wa kiangazi ni mada zinazomzunguka tangu utotoni.

Chama cha wanafunzi Waislamu, na chama cha wanafunzi Wakristo kwa wasio Waislamu, hukutana mara nyingi na huwapokea wageni vizuri. Mashindano ya kusoma Kurani na mihadhara huwapa watoto nafasi ya kung'ara. Chama hicho kinaweza kuwa moja ya shughuli zake, lakini nitaeleza hapa chini kwa nini isiwe ya pekee.

Kuna mpango mmoja unaounganisha yote haya?

Ndiyo, Tuzo ya Rais, iliyoanza Kenya mwaka 1966 kwa vijana wa miaka 14 hadi 24. Si mashindano ya kumshinda mwenzako. Kijana hujiwekea malengo katika sehemu nne: kuhudumia jamii, kujifunza ufundi au ujuzi, mazoezi ya mwili, na safari ya kujaribu uvumilivu inayofanywa kwa kikundi. Hatua ya kwanza ni Shaba, kuanzia miaka 14, nayo huchukua angalau miezi sita. Fedha huanzia miaka 15 na Dhahabu miaka 16. Muulize mkuu wa shule kama shule imesajiliwa. Kama imesajiliwa, mwanao anaweza kuhesabu mazoezi yake ya voliboli na kazi yake ya Msalaba Mwekundu ndani ya tuzo hiyo, bila kuongeza muda mwingi.

Kumbuka pia kwamba kila mwanafunzi wa sekondari pevu, awe mkondo wa sayansi, wa sayansi za jamii au wa sanaa na michezo, anatakiwa kusoma somo la huduma kwa jamii. Kazi zake hufanywa nje ya darasa. Mshauri mwanao achague kikundi chenye mtu mmoja anayemfahamu na wengine asiowafahamu.

Je, binti yangu anaweza kucheza akiwa na hijabu?

Anaweza, na sheria za michezo ziko upande wake. Mwaka 2014 wasimamizi wa sheria za soka duniani waliruhusu rasmi kufunika kichwa uwanjani. Mwaka 2017 shirikisho la mpira wa vikapu duniani likafanya vivyo hivyo. Mnunulie au mshonee hijabu ya kitambaa chepesi kinachovutika, inayobana vizuri shingoni na isiyotumia pini, kwa sababu pini humjeruhi mchezaji. Ndani avae suruali ndefu ya michezo na fulana ya mikono mirefu. Katika shule za wasichana pekee, kama NEP Girls mjini Garissa, wenzake wote uwanjani ni wasichana.

Kama baba au mjomba ana wasiwasi, msibishane mbele ya mtoto. Nendeni pamoja shuleni jioni moja, mwone mazoezi na mkutane na mwalimu anayewasimamia wasichana. Ulizeni nani husafiri nao kwenda mashindanoni, wanalala wapi, na wanarudi saa ngapi. Mzazi ana haki ya kupata majibu hayo kabla hajatoa ruhusa. Marsabit, kwa majirani zetu, wakili Fatuma Abdulkadir Adan alianzisha shirika la HODI linalotumia soka kuwakutanisha vijana wa jamii zilizokuwa zikipigana, na wasichana wamo uwanjani. Palihitajika subira na mazungumzo na wazee, na yamewezekana.

Si afadhali akae na watoto wa ukoo wetu?

Wiki za kwanza, binamu ni nguzo. Humwonyesha mtoto bafu liko wapi na ni mwalimu yupi mkali. Lakini asipotoka hapo, atamaliza miaka mitatu akiwajua watu aliowajua kabla ya kuja. Mtoto ambaye si Msomali, aliyetumwa huku kutoka kaunti nyingine, anaumia zaidi pale ambapo bweni zima linazungumza lugha asiyoielewa, na mazungumzo yote yanampita.

Ndiyo maana nashauri shughuli mbili: moja anayokwenda na watu wake, na nyingine ambayo atakaa bega kwa bega na asiye wa ukoo wake wala wa lugha yake. Timu, igizo na doria za Skauti hufanya hivyo vizuri, kwa sababu kocha huteua kwa uwezo. Mwombeni mlezi kwa heshima kwamba klabuni Kiswahili au Kiingereza kitumike, ili kila mtu asikie.

Watu wa kanda hii wanajua thamani ya jambo hili. Marehemu Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir, pamoja na wanawake wenzake wa koo tofauti, walianza kuzungumza wao kwa wao wakati wa mapigano ya koo ya miaka ya 1990, mazungumzo yakafika kwa wazee, vijana na viongozi, na Wajir ikapata amani. Mwaka 2007 alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Shule yenye klabu ya amani inaendeleza kazi hiyo, na mtoto mwenye rafiki wa ukoo mwingine anaiendeleza bila hata kuhudhuria mkutano.

Itanigharimu kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyodhani. Serikali imeweka mgao wa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma, na ndani yake kuna fungu la michezo na shughuli za wanafunzi. Mdahalo, uandishi, drama, kwaya na vyama vya dini havihitaji kununua chochote zaidi ya daftari. Michezo huhitaji raba na nguo za mazoezi. Raba za mitumba zilizo imara zinatosha, na jezi ya mechi ni ya shule. Skauti na Girl Guides wana sare, lakini mtoto anaweza kuhudhuria muhula wa kwanza bila sare. Mwache akae kwanza, ununue ukishaona amependa. Klabu nyingine huwa na ada ndogo ya uanachama.

Ukiambiwa ulipe, uliza mambo matatu: ni ya nini, nani ameidhinisha, na italipwa wapi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inataka malipo ya ziada katika shule za umma yaidhinishwe na shule itoe risiti rasmi. Lipa kwenye akaunti ya shule. Usimpe mwanafunzi pesa taslimu wala usitume kwa simu ya mtu binafsi, na hifadhi risiti.

Ramadhani na joto je?

Mwaka 2026, na tena 2027, Ramadhani inaangukia ndani ya muhula wa kwanza, wakati mgeni ndiyo kwanza anatafuta marafiki. Usimruhusu aache kila kitu mwezi mzima. Ahamie kwa muda kwenye shughuli tulivu: mashindano ya Kurani, uandishi, sayansi, au kikundi cha kuandaa futari bwenini. Kukata tende na kumimina uji pamoja kila jioni kwa siku 29 au 30 ni saa nyingi za urafiki. Siku nyingine za mwaka, mtoto anywe maji kabla, katikati na baada ya mazoezi, na asikimbie jua likiwa utosini.

Ni mpole mno. Nimwambie aseme nini siku ya kwanza?

Mpe maneno matatu mafupi ayafanyie mazoezi nyumbani. La kwanza ni salamu na jina: "Assalamu alaikum, mimi ni fulani, nimetoka Dadaab." La pili ni swali linalohusu kazi iliyopo: "Hii inafanywaje?" La tatu ni la kujitolea: "Nikusaidie kubeba?" Afike dakika tano mapema, kwa sababu ni rahisi kuzungumza na watu wawili kuliko kuingia katikati ya thelathini. Na ajifunze jina moja jipya kila mkutano.

Usimtarajie kurudi na rafiki wiki ya kwanza, wala usimuulize kila simu "umepata rafiki?" Muulize "leo mlifanya nini?" Ukisikia anaanza kutaja majina, ujue mambo yanakwenda. Muombe akae muhula mzima kabla ya kubadilisha. Shughuli ziwe mbili, zisizidi tatu, ili masomo yasiyumbe na saa zake zisisambae kwa watu wengi mno.

Shule haina klabu yoyote. Nifanye nini?

Klabu inaweza kuanzishwa. Mwanao atafute wenzake watano hadi kumi, waandike majina yao, lengo moja, siku na mahali pa kukutania. Wamwendee mwalimu mmoja anayependa jambo hilo wamwombe awe mlezi, kisha wapeleke karatasi kwa naibu mkuu wa shule. Klabu ya kusoma vitabu au ya mdahalo haihitaji hata shilingi moja. Aliyeanzisha klabu hukutana na kila mwanachama mpya, na kwa mgeni hilo ni jambo jema.

Likizoni na kwa wanafunzi wa kutwa, kuna maktaba ya taifa tawi la Garissa, ambayo tangu mwaka 1996 imekuwa ikipeleka vitabu vijijini kwa ngamia. Nenda ukaulize masharti ya mtoto kusoma hapo. Tembelea pia tawi la Msalaba Mwekundu uulize jinsi vijana wanavyojitolea.

Na akionewa ndani ya klabu?

Wageni wameteswa na wakubwa wao kwa miaka mingi, wakiitwa "mono" na kutumwa kama watumishi. Kufua nguo za mkubwa au kunyang'anywa chakula si sehemu ya kuwa mwanachama. Mwambie mwanao aseme mapema kwa mlezi, kwa mwalimu wa ushauri nasaha, na kwako. Andika tarehe na kilichotokea, kisha nenda kwa mkuu wa shule. Sheria inakataza adhabu za viboko na unyanyasaji wa kisaikolojia shuleni. Pia kuna nambari 116 ya kuwasaidia watoto, unayopiga bila malipo kutoka popote Kenya. Na kama mtoto hali, halali, au amekataa kabisa kutoka bwenini kwa wiki kadhaa, tatizo hilo ni kubwa kuliko klabu. Mfuate haraka umwone uso kwa uso, na mtafute mshauri au daktari.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, juma hili fanya mambo matatu. Mpigie mwalimu wa darasa umuulize yale maswali manne. Kaa na mwanao mchague shughuli mbili, moja yenye saa nyingi na moja yenye watu asiowajua. Kisha mwambie mlezi wa kila klabu, kwa adabu, ampe mwanao kazi ya kufanya. Mtoto mwenye rafiki shuleni huvumilia joto, chakula asichokizoea na umbali wa nyumbani. Usimwache atafute peke yake.